Umbali Mmoja, Mizigo Miwili: Ushiriki wa Wasichana katika Elimu Viungani mwa Dar es Salaam

Kila asubuhi ya siku ya masomo mwalimu wa darasa hufungua daftari la mahudhurio, huita majina, na kutia alama mbele ya kila jina. Alama hizo hujumlishwa, zikapelekwa kwa mkuu wa shule, kisha kwa ofisa elimu, na hatimaye Wizarani, ambako hugeuka kuwa takwimu za taifa. Takwimu za miaka ya karibuni zatuambia kwamba katika shule za Tanzania, tangu darasa la kwanza hadi kidato cha 4, wasichana ni nusu ya wanafunzi, au huzidi nusu kidogo. Habari hii ni njema, nayo ni ya kweli. Lakini mwanasayansi hana budi kuuliza swali moja zaidi: Je, kuwamo katika daftari ndiko kushiriki katika elimu?

Mwandishi wa makala haya aliwahi kusimama asubuhi moja katika kituo cha mabasi cha Mbagala Rangi Tatu, kusini mwa Dar es Salaam. Karibu naye alisimama msichana wa kidato cha 2, mwenye sare safi na mfuko wa vitabu kifuani. Magari matatu yalikuja yakaondoka, na kila mara utingo alinyoosha mkono kuwazuia wanafunzi mpaka watu wazima waingie kwanza. Msichana alipoulizwa ataingia darasani saa ngapi, aliamkia, kisha akajibu kwa utulivu: "Kipindi cha pili, mama, nikipata gari sasa hivi. Cha kwanza ni hesabu. Siku nyingi sikipati." Siku ile, bila shaka, daftari lilimwonyesha kuwa alihudhuria.

Makala haya yatajaribu kueleza tofauti iliyopo kati ya alama ile ya daftarini na masomo anayoyapata msichana kwa kweli, na sababu zinazoifanya tofauti hiyo iwe kubwa viungani mwa jiji. Mwishoni tutapendekeza uchunguzi ambao walimu na wanafunzi wanaweza kuufanya wenyewe.

Viunga ni nini?

Hapo kale neno kiunga lilikuwa na maana ya shamba la miti ya matunda lililo nje kidogo ya mji. Maana hiyo yaufaa sana mji wa Dar es Salaam, kwa kuwa sehemu nyingi zinazoitwa viunga leo zilikuwa mashamba ya minazi, miembe na mikorosho ya Wazaramo na wenyeji wengine wa Pwani. Katika sensa ya mwaka 1967 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 356,286. Katika sensa ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 5,383,728, yaani zaidi ya mara 15.

Watu hao wote hawakuweza kuishi Kariakoo na Ilala. Mji ulitambaa kuelekea nje kwa kufuata barabara nne kuu, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu na ya Kilwa. Kwanza nyumba zilijengwa kando ya barabara. Baadaye, viwanja vya kando vilipokwisha au kupanda bei, watu waliingia ndani zaidi, mabondeni na vilimani, ambako ardhi ilikuwa rahisi. Hivyo ndivyo zilivyokua Mbagala na Chamazi, Gongo la Mboto na Chanika, Kimara na Mbezi, Goba na Bunju.

Jambo la kukumbuka ni kwamba mji unapokua kwa namna hii watu hutangulia na huduma hufuata nyuma. Nyumba hujengwa kabla ya barabara kutengenezwa, bomba la maji kufikishwa na shule kufunguliwa. Mkazi wa kiunga si mtu wa kijijini, kwa maana hana tena shamba la kumlisha. Wala si mtu wa mjini hasa, kwa maana kazi, soko na shule ya sekondari viko mbali naye. Anaishi kwa kusafiri. Na anayeishi kwa kusafiri huishi kwa kuhesabu saa.

Njia tuliyokwisha kuipita

Yafaa tukumbuke kwanza hatua zilizopigwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kwamba elimu ya msingi iwe kwa watoto wote mapema kuliko ilivyopangwa awali, na mwaka 1977 ukawa ndio mwaka wa utekelezaji. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimpa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto aliyetimiza umri wa miaka 7. Matokeo yake yalikuwa makubwa: mwanzoni mwa miaka ya 1980 wasichana walikaribia nusu ya wanafunzi wa shule za msingi. Katika shule za sekondari, ambazo zilikuwa chache mno, hali ilikuwa nyingine. Huko wasichana walikuwa takriban theluthi moja tu.

Ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudi katika miaka ya 1980, iliondolewa tena mwaka 2001. Kuanzia mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, wananchi na Serikali walijenga shule za sekondari za kata, hata kufikia mwaka 2010 nchi ilikuwa na shule za sekondari zaidi ya 4,000. Mwaka 2016 ada iliondolewa hadi kidato cha 4, na mwaka 2022 ikaondolewa katika kidato cha 5 na cha 6.

Katika historia hii limo fundisho moja ambalo aghalabu husahauliwa. Azimio la Musoma liliagiza pia kwamba wahitimu wa kidato cha 6 wafanye kazi kwa muda kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Amri hiyo haikubagua. Ilikuwa moja kwa wavulana na wasichana. Hata hivyo idadi ya wasichana walioingia Chuo Kikuu ilipungua, kwa kuwa miaka ile ya kungoja ndiyo miaka ambayo jamii humtaka msichana aolewe na kuzaa. Mvulana alingoja akaingia. Msichana alingoja akapata majukumu ya nyumba. Mnamo mwaka 1976 wasichana wakaruhusiwa kuingia chuoni mara wamalizapo mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Fundisho lenyewe ni hili: kanuni moja ikiwekwa juu ya watu wenye mizigo isiyo sawa, huzaa matokeo yasiyo sawa. Tutaliona tena fundisho hili tutakapoufikia umbali wa shule.

Vipimo vya ushiriki

Wataalamu wa elimu hutumia vipimo kadhaa. Cha kwanza ni uwiano ghafi wa uandikishaji. Huchukuliwa idadi ya wanafunzi wote wa ngazi fulani, wa umri wowote, ikagawanywa kwa idadi ya watoto wote wenye umri wa kuwa katika ngazi hiyo. Cha pili ni uwiano halisi, ambao huhesabu wale wanafunzi tu wenye umri unaostahili. Uwiano ghafi unaweza kuzidi asilimia 100, kwa kuwa wamo wanafunzi waliochelewa kuanza au waliorudia darasa. Uwiano halisi hauwezi.

Kipimo cha tatu ni fahirisi ya usawa wa jinsia, ambayo hupatikana kwa kugawanya uwiano wa wasichana kwa ule wa wavulana. Jibu likiwa 1, pande mbili ziko sawa. Likiwa chini ya 1, wasichana wameachwa nyuma. UNESCO huhesabu kwamba usawa umefikiwa iwapo fahirisi iko kati ya 0.97 na 1.03.

Kipimo cha nne ni kubakia shuleni. Hapa kundi la wanafunzi walioanza pamoja hufuatwa mwaka hata mwaka. Tuchukue mfano wa kubuni. Shule ikipoteza wanafunzi 8 katika kila 100 kwa mwaka, hasara hiyo haionekani kuwa kubwa. Lakini walioanza kidato cha 1 wakiwa 100 watakuwa 92 kidato cha 2, 85 kidato cha 3, na 78 kidato cha 4. Wanafunzi 22 wamepotea, wala hakuna mwaka hata mmoja ambao shule ilipiga mbiu ya hatari.

Vipimo vyote hivi vina manufaa. Lakini viungani mwa jiji kila kimoja kina mtego wake.

Mitego ya hesabu

Mtego wa kwanza umo katika kigawanyo. Ukitaka kujua ni wasichana wangapi wa kata fulani wanaosoma, wahitaji kujua kata hiyo ina wasichana wangapi. Sasa, katika nyumba nyingi za Dar es Salaam wamo wasichana waliotoka mikoani kuja kufanya kazi za nyumbani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini aliyekwisha kutimiza miaka 14 au 15 bado ana umri wa kuwa sekondari. Msichana huyu huhesabiwa na sensa mahali anapolala, ilhali jina lake halimo katika daftari la shule yoyote ya hapo. Aidha, kazi yake ndiyo inayompa nafasi binti wa mwenye nyumba kwenda shule mapema. Kwa hiyo nyumba moja yaweza kuwa na wasichana wawili wa umri mmoja: mmoja hung'arisha takwimu za shule, na mwingine hayumo katika takwimu hizo kabisa.

Mtego wa pili umo katika kigawanywa. Wanafunzi wengi wa viungani husoma nje ya kata zao, na shule za kata zao hupokea wanafunzi wa mahali pengine. Kata yenye shule nyingi yaweza kuonekana kana kwamba ina wanafunzi kuliko watoto, na jirani yake ikaonekana kana kwamba imelala usingizi, ilhali watoto ni walewale.

Mtego wa tatu ni wa wastani. Tuseme kata moja ina mitaa miwili, na kila mtaa una wasichana na wavulana wenye umri wa kusoma kwa idadi sawa. Mtaa wa kwanza upo kando ya barabara ya lami. Wanaosoma ni wasichana 120 na wavulana 100. Mtaa wa pili upo bondeni, mwendo wa saa nzima kutoka barabarani. Wanaosoma ni wasichana 80 na wavulana 100. Fahirisi ya mtaa wa kwanza ni 1.2, na ya mtaa wa pili ni 0.8. Ukijumlisha kata nzima wapata wasichana 200 na wavulana 200, fahirisi 1 kamili. Ofisa asomaye jumla ataandika kwamba usawa umefikiwa. Hakukosea hesabu, amekosa tu kuuona mtaa wa bondeni.

Hesabu ya saa

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Hebu tuchukue mtu na dada yake, wote wa kidato cha 2, wanaoishi nyumba moja na kusoma shule moja iliyo umbali wa kilomita 5. Tarakimu zinazofuata ni za mfano, lakini mwalimu yeyote wa viungani ataitambua siku yenyewe.

Mwanafunzi aendaye kwa miguu kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa hutumia dakika 75 kwenda na dakika 75 kurudi, yaani saa 2 na nusu kwa siku. Anayengoja daladala kituoni, akazuiwa mara mbili tatu, akashuka na kumalizia kwa miguu, aghalabu hatumii muda mfupi zaidi. Siku ina saa 24. Tuondoe saa 8 za kulala, saa 7 za kuwa shuleni, saa 2 na nusu za njiani, na saa 2 na nusu za kula, kuoga, kufua sare na kupumzika. Zimebaki saa 4. Saa hizo nne ndizo zinazogawanywa kati ya kazi za nyumbani na kujisomea.

Tafiti za matumizi ya muda, katika nchi yetu na nchi nyingine nyingi, zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake na wasichana hutumia saa nyingi kuliko wanaume katika kazi za nyumbani zisizo na ujira. Tuseme kaka hufanya kazi hizo kwa saa 1, na dada kwa saa 3: kuteka maji, kufagia, kupika, kuosha vyombo, kumbeba mdogo wao. Kwa hiyo kaka hubakiwa na saa 3 za kujisomea, na dada saa 1. Tofauti ni saa 2 kwa siku. Mwaka wa shule katika Tanzania una siku 194 za masomo. Hivyo tofauti ya mwaka mzima ni saa 388. Shule yenye vipindi 8 vya dakika 40 hufundisha kwa saa 5 na dakika 20 kwa siku. Gawanya, nawe utaona kwamba saa 388 ni sawa na siku 73 za masomo. Ni kana kwamba kila mwaka kaka amefundishwa siku 73 zaidi, ingawa daftari la darasa linawaonyesha wako sawasawa.

Lakini hesabu hii ina jambo jingine la ndani zaidi. Tuseme shule inasogezwa, ikawa umbali wa kilomita 1 tu. Safari ya kwenda na kurudi sasa ni nusu saa, na kila mmoja ameokoa saa 2. Kaka atakuwa na saa 5 za kujisomea, na dada saa 3. Sasa turudi nyuma: umbali wa kilomita 5 ulimnyang'anya kaka saa 2 katika 5, yaani sehemu mbili za tano, ukamnyang'anya dada saa 2 katika 3, yaani theluthi mbili. Barabara ni ileile, na saa zilizopotea ni zilezile. Lakini hasara ya dada ni kubwa zaidi kwa kuwa akiba yake ilikuwa ndogo tangu mwanzo. Hivyo basi umbali hufanya kazi kama ile amri ya kungoja ya mwaka 1974: haubagui, lakini huwaumiza zaidi wale waliokwisha kubeba mzigo mwingine.

Ndiyo maana kiunga kinachokaa mbali na shule, mbali na bomba na mbali na kituo cha mabasi humpunguza msichana mara tatu. Na kwa kuwa jua la Dar es Salaam huchwa karibu saa 12 unusu jioni mwaka mzima, ile saa moja ya dada huwa ni ya usiku, baada ya vyombo kuoshwa, wakati mwili umekwisha kuchoka.

Mambo mengine yanayopunguza siku

Kuna siku ambazo msichana hakosi saa tu, bali hukosa siku nzima. Kanuni za usafi wa shule nchini zinataka tundu 1 la choo kwa kila wasichana 20 na tundu 1 kwa kila wavulana 25. Shule nyingi zilizojaa wanafunzi haraka kuliko zilivyojengwa hazijafikia kiwango hicho, na choo kisicho na maji wala mlango humfanya msichana aliye katika hedhi abaki nyumbani. Tupige hesabu tena kwa mfano: siku 3 kila mwezi kwa miezi 9 ni siku 27, ambazo ni kama asilimia 14 ya mwaka wa masomo. Kwa miaka minne ni siku 108, zaidi ya nusu ya mwaka wa shule. Mwaka 2018 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike. Mwaka uliofuata ikairudisha kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Jambo hilo latufundisha kwamba kupunguza kodi peke yake hakumfikishii msichana kitu mkononi.

Tena kuna hatari za njiani. Msichana aliyechoka kutembea, aliyekataliwa na magari mawili, na anayeogopa adhabu ya kuchelewa, huona lifti ya pikipiki kuwa ni msaada. Mara nyingi ni msaada kweli. Lakini mara nyingine lifti ya bure huja kudaiwa baadaye. Kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022, asilimia 22 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kupata mimba. Katika utafiti wa miaka 2015 na 2016 walikuwa asilimia 27. Kiwango kimepungua, lakini bado ni zaidi ya msichana mmoja katika kila watano.

Sheria zetu zimebadilika kuhusu jambo hili, na yafaa kila mwalimu azijue. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa kutimiza miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo. Mwaka huohuo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa lenye adhabu ya kifungo cha miaka 30 kumwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Kwa upande wa msichana mwenyewe, kwa miaka mingi aliyepata mimba alifukuzwa shule. Tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Aidha, anaweza kuendelea kwa njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975. Lakini ruhusa ya kurudi haina maana ikiwa hakuna wa kumshikia mtoto, na shule ni ileile ya kilomita 5.

Nini chaweza kufanyika?

Tukiisha kuelewa kwamba tatizo la kiunga ni la saa na umbali, dawa zake huonekana kwa urahisi zaidi. Zipo zinazohitaji fedha nyingi: kujenga shule ndani ya makazi mapya badala ya kungoja mpaka viwanja viishe, kuwajengea wasichana mabweni, kufikisha maji karibu na nyumba. Kisima kimoja mtaani ni msaada wa elimu kama lilivyo dawati, ingawa hakiandikwi katika bajeti ya elimu.

Zipo zinazohitaji mapatano zaidi kuliko fedha. Shule, wenye magari na serikali ya mtaa wanaweza kukubaliana kwamba gari fulani la alfajiri liwachukue wanafunzi kwanza. Shule inaweza kupanga kipindi cha kwanza kisiwe kila siku cha somo gumu, ili wanaotoka mbali wasikose hesabu mwaka mzima. Kubakia shuleni kujisomea baada ya masomo pia ni jambo jema, mradi tukumbuke kwamba msichana anayebaki mpaka jioni atarudi gizani. Faida ya saa moja isinunuliwe kwa hatari ya njia.

Na ipo dawa isiyohitaji fedha wala kibali. Mkigawanya nyumbani zile saa 4 za kazi, kaka akafanya 2 na dada 2, kila mmoja atapata saa 2 za kujisomea. Saa ya dada imekuwa mbili siku hiyohiyo. Ndoo ya maji haina jinsia. Ikihamia katika mkono wa kaka haiongezeki uzito.

Uchunguzi wa kufanya shuleni

Kwa walimu wa hisabati, jiografia na uraia tunapendekeza zoezi lifuatalo, ambalo kidato cha 3 kinaweza kulimaliza kwa majuma mawili.

1. Chora ramani ya eneo ambalo wanafunzi wanatoka. Kila mwanafunzi akadirie umbali wa nyumba yake kwa kilomita, na muda wa safari kwa dakika. Angalia kama vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Viungani mara nyingi haviendi.

2. Kwa siku 10 za masomo, andika dakika halisi ambayo kila mwanafunzi ameingia darasani. Usiandike majina, andika namba, jinsia na umbali tu.

3. Kila mwanafunzi aandike kwa siri jinsi alivyotumia saa 24 za siku moja ya shule na siku moja ya mapumziko.

4. Tafuta wastani wa saa za kujisomea kwa wasichana na kwa wavulana. Kisha panga tarakimu zote kutoka ndogo hadi kubwa, utazame ile ya katikati. Ikiwa inatofautiana sana na wastani, eleza sababu.

5. Gawanya wanafunzi katika makundi mawili, wa karibu na wa mbali, na urudie hesabu. Je, pengo kati ya wasichana na wavulana ni lilelile katika makundi yote mawili?

Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, mambo ya mwili na ya siri za nyumba yasiulizwe mbele ya darasa. Pili, mambo mawili yakionekana pamoja haimaanishi kwamba moja limesababisha jingine. Wanaoishi mbali huenda ni maskini zaidi pia, na umaskini una njia zake nyingine za kumzuia mtoto. Mchunguzi mwaminifu hutaja mashaka hayo waziwazi, kisha husema kile ambacho tarakimu zake zinamruhusu kusema.

Matokeo yakipatikana, yapelekeni katika kikao cha wazazi. Mzazi anayeambiwa kwamba binti yake ni mvivu ataamini, kwa kuwa anamwona akisinzia juu ya daftari. Mzazi anayeonyeshwa saa 24 za binti yake, zikiwa zimeandikwa mstari kwa mstari, atajionea mwenyewe usingizi ule unatoka wapi. Na pengine kesho yake alfajiri, atakapomwamsha binti, atamwamsha na kaka yake pia.